Kasuku Aliyekula mu Kinywa Yangu Tu

Ninyi batatu mulikuja juzi kuniuliza namna ya kulisha katoto ka ndege kagonjwa. Mulikaa ku benchi yangu, mukafungua makaye ya kuandikia, mukangoja niseme ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nikakohoa mpaka mukaona haya, mukaenda. Leo kifua imetulia kidogo, ukungu imesimama mulangoni kama mugeni mwenye hapana kubisha hodi, moto iko mu mbabula. Basi ninaandika. Mutavumilia maandishi. Nilifikia mwaka ya ine ya primaire, kisha baba akasema jembe haiulizi diplome.

Kazi nitawaonyesha. Mais, yaani lakini, nitasema na majina. Batu balinishauri miaka yote: "Mama Kavira, ya vita iache kule." Kule ni wapi? Mimi niko hapa, nayo iko hapa.

Anzeni na mikono. Mbele ya kushika katoto ka ndege, weka mikono juu ya moto mpaka ipate joto, kisha ipanguse, ngoja kidogo. Katoto ka kasuku kenye hakajaota manyoya, ngozi yake ni kama ngozi ya ndani ya shavu yako. Ukikagusa na mikono ya asubuhi ya Butembo, mikono yenye imetoka kuchota maji, kanashituka, na ndege mwenye ameshituka anafunga tumbo. Tantine Roza alikuwa ananiambia: "Mutu hapana kula akiogopa. Wewe mwenyewe, siku basoda balipita hapa na bunduki zao, ulikula?"

"Sikukula, Tantine."

"Donc!"

Huyu Tantine Roza njo mwalimu wangu. Alikuwa anafanya kazi ku maternité ya mutaa yetu, kazi ya kushika batoto benye balizaliwa mbele ya siku zao, bale badogo kama kiganja. Ndege hakupenda. Hata kuku alipenda mu sahani tu. Alinisaidia juu aliniona nikilia ku kisima, na juu mutoto mudogo ni mutoto mudogo, hata akiwa na mudomo mweusi ya kupinda.

Nililia juu ya mudogo wangu Kambale. Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, wakati njia ya Beni na Butembo ilikuwa na bariere za basoda nyingi kuliko vilima. Kambale alikuwa anabebea mizigo mufanyabiashara moja, Patron Vianney. Ninaandika jina yake: Vianney, mwenye duka ya sabuni, mwenye kucheka na meno yote. Alikuwa ananunua batoto ba kasuku kwa batu ba pori, upande wa Beni, anabafunga mu makarton ya sabuni, anabapandisha Butembo, avio, ndege ya chuma, ibachukue mbali. Makarton hayakuwa na matundu. Tundu linafanya soda aulize, na Vianney hakupenda kuulizwa. Kambale alijua. Kamba alifunga yeye na mikono yake.

Ku bariere moja, pale baridi ya Butembo inaisha na joto ya Beni inaanza, Commandant Zebedayo alifungua karton. Bote balikuwa bamekufa, bamelala mumoja juu ya mwingine kama viazi. Mumoja tu alikuwa anapumua. Commandant alikasirika sana. Roho ya ndege haikumuuma. Alikuwa amemuahidi kolonele wake wa Beni kasuku wa kusema. Basi akatupa Kambale mu kontenere ya chuma, pembeni ya njia, mahali jua inapiga kutoka asubuhi mpaka magaribi.

Nilishuka na bundu, ugali yetu ya mihogo, na maharagi yake mu kitambaa. Commandant alikuwa amekaa ku kiti ya plastike.

"Wewe ni nani yake?"

"Yaya yake, Commandant, dada yake mukubwa."

"Yaya, yaka awa." Yaani, kuya hapa. Akanipa kofia yake. Ndani mulikuwa kitu kama tumbo ya muzee: imekunjika, nyekundu, macho imefunga. "Ndeke na ngai. Ndege yangu. Ikivaa manyoya, ikisimama ku kijiti, ikikula, kuya nayo, utachukua mudogo yako. Ikikufa..."

Hakumaliza. Alimaliza Sergent Bienvenu, ule wa kushika funguo: "Ikikufa, kuya na nguo nyeupe ya kumufunga." Bakacheka.

Mu ukuta ya kontenere mulikuwa tundu ya kutu. Kambale alitoa vidole viwili. "Yaya! Hapana kuacha ikufe! Yaya, unasikia?"

Nilisikia. Mpaka leo ninasikia.

Nilipanda na miguu, kofia nikarudisha, ndege nikamutia mu kifua, mu kitenge. Mukipandisha ile njia, kuna mahali joto inakuacha kama mutu mwenye kukusindikiza na kurudi kwake. Kisha ukungu. Sikuona miguu yangu. Nilisikia tu ule moyo mudogo, haraka haraka, juu ya moyo yangu, mpaka sikujua tena ni gani inapiga ya nani. Nilifikiri nimekufa ku bariere na ninatembea mu kitu ingine. Ilikuwa muzuri, nasema kweli. Kwa saa moja mu ile vita sikuogopa mutu.

Sasa sikieni kosa. Sisi Banande, mutu akigonjwa tunamupa nini? Unga ya mihogo. Kama hajakula bundu, hajakula. Mama yangu alitulea na ile, na mama yake. Nikapika uji ya mihogo, laini, nyeupe, ya kupendeza, nikapasha joto vizuri, nikamupa ndege na kijiko. Akakula! Alitikisa kichwa juu na chini, kwa nguvu, akilia sauti kama maji yenye kutoka mu chupa ya shingo nyembamba. Nikafurahi. Nikamuongeza. Nikabaita bakajirani, baone.

Ndege iko na mufuko chini ya shingo, pale chakula inangoja mbele ya kwenda tumboni. Siku ya pili ule mufuko ulikuwa umejaa. Nikasema, ameshiba. Siku ya tatu ulikuwa umejaa vilevile, ngumu kama jiwe, na kinywa yake ilinuka kasiksi, pombe ya ndizi, ya juma moja. Kichwa alilaza ku mukono yangu. Hakutikisa tena.

Tantine Roza aligusa ule mufuko na kidole. "Kavira. Umemwaga saruji mu mutoto."

"Tantine, ni uji ya mihogo."

"Kwa mutu ni uji. Kwa huyu ni ukuta. Weka maji ku moto. Na acha kulia, machozi iko baridi."

Njo vile nilijifunza kitu kikubwa ya hii kazi: ndege mugonjwa, chakula hapana kumuokoa. Joto kwanza. Kisha maji. Chakula inakuya nyuma kabisa, kama padri ku karamu. Tulimupa maji ya uvuguvugu, tone na tone, yenye chumvi ya kuokota na ncha ya kisu na sukari kidogo. Kisha, na kidole moja yenye mafuta, nikakanda ule mufuko, polepole, kuzunguka, kama unapapasa jicho ya mutu mwenye kulala. Hapana kufinya! Ukifinya, chakula inarudi juu, inaingia mu pumzi, na ndege anakufa mu mikono yako ukisema "pole". Kukanda, kungoja, kukanda. Siku mbili bila kulisha kitu. Tantine akienda kazi, mimi ninabaki pale, mgongo ku ukuta ya matofali, ndege mu kifua, chupa ya maji ya moto pembeni ya kiuno.

Ukungu ilikuwa inaingia saa sita ya mchana, inakaa na mimi. Sikulala, sikukuwa macho. Nilikuwa ninaona pori, mimi mwenye sikuingiaka mu pori: miti ya kufikia mbinguni, na juu kabisa tundu mu muti, na mu tundu joto nyeusi yenye kunuka manyoya. Nilikuwa ninaona Kambale akikaa mu lile tundu, mudogo, kinywa wazi. Kidole yangu ilikuwa inazunguka. Sijui kama ilizunguka ku ndege ao ku ndoto. Siku ya pili, magaribi, kitu ililainika chini ya kidole, ikatelemuka, kama tope ikiachilia mufereji. Mufuko ikawa laini kama sikio.

Nilipiga kelele. Tantine Roza alikimbia na kijiko ya mboga mukononi. Akagusa. "Voilà," akasema. Kisha akaketi chini, yeye mwenye hakupenda ndege, akafunika uso na kanga.

Andikeni mu makaye yenu sasa. Uji ni ya mahindi, upike mpaka unga isahau kama ilikuwa unga, utie ndizi ya kuiva na karanga ya kusaga. Onja joto ku mudomo ya chini. Kama mudomo haisikii kitu, joto ni sawa. Kijiko upinde pembeni kama jani. Ingiza kutoka upande wa kushoto ya ndege, chakula iende upande wake wa kuume, na mimina tu wakati anatikisa kichwa. Akitikisa, njia ya pumzi imefungwa. Kama hatikisi, unalisha mapafu. Na hapana kuangalia saa. Shingo njo saa. Mufuko ikiwa tupu, lisha. Ikiwa na kitu, acha.

Sasa kosa ya pili, yenye ilinikula mimi mwenyewe. Kisha ule ugonjwa, ndege aliogopa kijiko. Akikiona anageuza kichwa. Mimi nilikuwa na haraka, juu kila siku tatu nilikuwa ninashuka ku bariere na chakula ya Kambale, na vidole vyake mu tundu ya kutu vilikuwa vinakonda. Basi nilifanya kama bamama betu ba zamani na batoto: nilitafuna karanga na ndizi, nikamupa kutoka mu midomo yangu. Alikula pale pale. Tantine Roza alifoka.

"Hapana vile! Leo umulishe wewe, kesho mimi, kesho kutwa jirani. Mutoto mwenye anajua mukono moja atafunga ule mukono."

"Tantine, akule kwanza. Ya mikono tutaona."

"Utaona wewe."

Niliona. Miezi kumi na ine nililala mu kambi ya basoda Beni, mu nyumba ya mabati nyuma ya jikoni ya kolonele, juu ile ndege ilikula mu kinywa yangu tu. Si mu ya kolonele, si mu ya bibi yake, mwenye alijaribu na mikate na siagi. Nilipika, nilifua, nilitukanwa na Lingala mpaka nikaijua muzuri kuliko basoda. Mambo mengine ya ile kambi siandike. Mengine Mungu anajua, na Bienvenu anajua.

Mais nitaandika asubuhi za Beni. Asubuhi, mbele ya jua kuwa kali, bakasuku balikuwa banapita juu ya muji kwenda kula, kundi, bakipiga miluzi. Ndege yangu alikuwa anasimama ku bega yangu, anageuza kichwa, jicho moja juu. Kolonele aliniambia nimukate manyoya ya mabawa. Nilikata ya mara ya kwanza. Nyuma nilikuwa ninakata hewa, pembeni ya manyoya, makasi ikilia kwich kwich ili kolonele asikie. Na nilianza kumuwekea karanga mu sahani, nafunga kinywa yangu, nageuka. Alinililia juma mbili. Ilikuwa ngumu kuliko kambi. Siku moja alikula peke yake, na siku moja kundi ikapita, na bega yangu ikawa nyepesi. Nilisimama pale na sahani. Kolonele alinipiga, mais ile kipigo niliisikia kama inapiga nguo yenye kuanikwa, na bila ndege hakuwa tena na sababu ya kunishika.

Mutalaumu ndoto zangu, najua. Ninyi bajeune ba leo munapenda mambo ya hakika. Basi hakika: kisha vita kuisha, miaka kumi na tano, nilifanya kazi kwa Sœur Léontine, sista, mu nyumba ya kulea ndege na nyama badogo ba pori. Batu balituletea kila kitu. Muzee moja wa Lubero alitoka na miguu, na katoto ka ndege mu kofia ya sufu, akasema ni kagonjwa kwa kuwa hakaimbi. Nilikalisha siku mbili mbele ya kuona kako na meno. Ilikuwa popo. Sœur alicheka mpaka akaketi ku ndoo. Mutu wa Vuhovi alileta kunguru, akasema ni tai wa kanisa. Mikono ya kubadilisha, kijiko, hapana kinywa: ile sheria niliweka mimi, na mwenye kuivunja nilimufukuza siku ile ile. Balisema Mama Kavira iko na roho ngumu. Eh. Roho yangu iko ngumu, na ndege zangu zilienda zao.

Kikohozi nayo ni ya kazi. Kasuku iko na vumbi mu manyoya, nyeupe kama unga. Fungeni kitambaa ku pua. Mimi hakuna mwenye aliniambia.

Narudi ku bariere, juu munangoja mudogo wangu.

Ilikuwa juma ya tano. Ndege alikuwa amevaa manyoya ya majivu, na ku mkia wekundu kama damu mbichi. Alisimama ku kijiti. Nilimuonyesha Commandant Zebedayo. Alicheka kama mutoto. "Bienvenu, lisha ndeke!" Bienvenu akatoa karanga. Ndege akageuza kichwa. Akajaribu tena. Ndege akamuangalia kama kitu ya kuosha, kisha akanigeukia, akafungua kinywa, akaanza kutikisa kichwa, juu na chini, mbele ya basoda bote.

Commandant aliacha kucheka, kisha akaanza upya. "Bon. Kumbe ndeke iko na mama. Kolonele hapana kupokea ndeke yenye itakufa njaa. Mama, panda mu jeep."

"Commandant, ulisema nichukue mudogo wangu."

"Nilisema yeye atatoka. Bienvenu, fungua."

Kontenere ikafunguka. Kambale akatoka mikono ku macho, jua ikimupiga. Miguu yake ilikuwa kama ya mutoto mwenye anajifunza. Aliniona ku jeep, na ndege ku bega yangu. Alielewa. Hakuna kitu alikosa kuelewa, nilimujua tangu alipozaliwa.

"Yaya," akasema.

Bienvenu akamusukuma na kitako ya bunduki. "Wewe, unaenda ao unabaki na yeye? Chagua."

Kambale aliokota kitambaa ya bundu yenye nilimuletea. Akaifunga fundo muzuri. Kisha akapanda njia, kuelekea ukungu. Hakugeuka.

Ile siku sikumukasirikia. Moyoni nilisema: kimbia, mudogo wangu, kimbia. Hasira ilikuja nyuma, mu ile miezi kumi na ine. Bamama bengine ba kambi, bandugu balikuja ku lango, balirudishwa, balikuja tena. Yeye hakukuja hata kurudishwa. Basi jina yake nayo ninaandika: Kambale, mutoto wa mama yangu.

Leo ni mukubwa wa kikundi ya maombi ku paroisse yetu. Iko na suti. Kila mwaka, mbele ya Pasaka, anasimama na kushuhudia namna Mungu alimutoa mu kontenere. "Malaika alikuya, bandugu. Mulango ya chuma ikafunguka yenyewe!" Na bamama banalia. Mimi niko ku benchi ya tatu, ninakohoa.

Mwaka huu nilimungoja ku mulango ya kanisa.

"Wavukire, Yaya," akanisalimia. "Ushuhuda ulikuwa namna gani?"

"Muzuri. Ukisema tena, sema jina ya malaika."

Alitazama huku na kule. "Yaya, tusirudie ile. Batu batauliza mambo mingi."

"Baulize."

"Unataka kuniharibia?"

"Ninataka useme jina. Moja tu. Si ndefu, ulijifunza kuiita mbele ya kujua kutembea."

Akaenda kusalimia padri.

Jumapili yenye ilifuata bakamuita tena, kulikuwa bageni kutoka Beni na balitaka kusikia. Akasimama, akarekebisha suti. "Bandugu, mu ile kontenere nilikaa juma tano. Ndani ilikuwa moto, sikuona kitu. Kisha mulango ilifunguka, na mwenye alinitoa alikuwa..."

Akaniona. Mimi sikusimama. Hata kikohozi nilikifunga mu kitambaa. Kanisa yote ikangoja. Kambale alifungua kinywa, akafunga, akafungua tena, kisha akakaa chini, mikono ku magoti.

Batu bakapiga makofi. Balizani ni Roho Mutakatifu amemujaza.